Sydney mpaka Melbourne na mama ndani ya gari: vile tunapanga

Kakangu yuko Melbourne miaka sasa na kila tukipigiana simu ni wimbo ule ule, mje, mje, kwani Australia ni mwezini? Basi mwaka huu mume wangu akasema haya, watoto wakifunga shule tunaondoka, na mama tunaenda naye. Mie hapo furaha imenijaa nshaanza kuteremsha masanduku juu ya kabati, alafu kaka akaleta fikra yake nyingine, ati msije Melbourne moja kwa moja, shukeni Sydney, ntapanda ndege niwafuate huko, mupumzike kidogo alafu tukodi gari turudi kwangu kwa barabara ndo muione nchi. Tangu hapo grupu ya familia kwenye WhatsApp haijalala, kila mtu ana ramani yake.

Hesabu yenyewe iko hivi. Sydney mpaka Melbourne kwa barabara ya Hume ni kama kilomita 880, masaa tisa ya kuendesha, na hapo hujasimama hata kununua maji. Mombasa Nairobi ni kama 480, kwa hivo piga mara mbili utoe kidogo. Kaka anasema hio ni siku moja tu, mnatoka alfajiri jioni mko kwangu mnakula, barabara yote ni dabo, wa kwenda kivyao wa kurudi kivyao, tangu 2013 walipomaliza kile kipande cha Holbrook hakuna tena mambo ya kukaa nyuma ya lori ukichungulia kama unaweza kupita. Na mume wangu, mtu ambaye ashakaa nyuma ya malori kutoka Maungu mpaka Mariakani roho mkononi, aliposikia barabara dabo kilomita mia nane macho yakamng'ara, akasema basi siku moja, siku moja yatosha!

Nkawauliza swali moja tu: mama mmemuuliza?

Manake mimi ndo hukaa na mama kwenye basi la Nairobi. Tukifika Mtito Andei watu wote washashuka washakunywa chai, yeye bado yuko mlangoni amekamata chuma, magoti yamefunga, anasema ngojeni kwanza damu itembee. Na huyu wangu mdogo wa miaka mitatu ana tumbo lisilopenda kona, ukimpitisha kona tano mfululizo ananyamaza kimya, na akinyamaza wewe tafuta mfuko haraka. Sasa mtu anayeshika usukani hawezi jua haya, yeye yuko mbele na ashughulika, miguu yake inafanya kazi. Ndo nkasema safari hii haipangwi kwa spidi ya gari, inapangwa kwa magoti ya mama na tumbo la mtoto, wengine wote tutajipachika hapo katikati. Waliguna guna lakini hakuna aliyebisha.

Tukaja kwenye swali la njia, manake ziko mbili za kweli. Iko hio Hume inayokata ndani kwa ndani, na iko ya pwani, Princes Highway, ambayo ni ndefu zaidi, inapita elfu moja na kitu, na huwezi kuifanya siku moja labda uwe unafukuzwa. Mie, ntawaambia ukweli, moyo wangu ulikua pwani. Nlikesha natazama mapicha. Ukitoka Sydney kidogo tu kuna daraja la Sea Cliff lililofunguliwa 2005, limepinda nje ya jabali juu ya maji kabisa, alafu Kiama kuna shimo kwenye mwamba bahari inaruka juu kama inapiga chafya, alafu Hyams Beach mchanga mweupe pe, alafu mji unaitwa Eden ambao zamani nyangumi wauaji walikua wanawasaidia wavuvi kuwinda nyangumi wakubwa, wanawasukumia mpaka kwenye ghuba, walahi, na mmoja wao walimpa jina Old Tom, alikufa 1930 na mifupa yake iko kwenye makumbusho ya hapo mpaka leo. Nkaona hii ndo safari. Nkachukua simu nkamfuata mama jikoni nkamuonyesha picha moja moja.

Alitazama zote, hakuacha hata moja, mikono imejaa unga wa mahamri kwa hivo nilikua namshikia simu. Alafu akaniuliza, "Hii ni bahari?"

"Ni bahari mama."

"Mimi nimezaliwa nasikia bahari, nimeolewa nasikia bahari, na hapa nilipo nikifungua dirisha ni bahari. Weye wataka nikae kwenye ndege siku nzima na magoti haya, niende nikatazame bahari?"

Sikua na jibu. Na wifi yangu aliposikia ndo akamalizia kabisa, akasema kwanza maji ya huko baridi, hawa watoto walozoea maji ya Nyali watatia kidole cha mguu watoke wanalia. Ongeza kona za barabara ya pwani na tumbo la mdogo. Basi pwani ikafa hapo. Bondi tutaiona tukiwa Sydney na St Kilda tutaiona tukifika Melbourne, bahari imetosha. Mama anataka kuona vitu ambavyo hana, kondoo wengi kwa pamoja, mto mkubwa, na kangaruu lakini akiwa mbali.

Kwa hivo ni Hume, lakini kwa kulala njiani mara mbili. Na hapa kuna kisa nlikipata nkawatumia wale madereva wawili kwenye grupu makusudi. Hio barabara imeitwa kwa jina la Hamilton Hume, ambaye 1824 walitoka yeye na mwenzake William Hovell kutafuta njia ya kwenda kusini mpaka wakatokea baharini huko upande wa Geelong ya sasa, na wakadhani wako ghuba nyingine kabisa. Njia nzima walikua wanagombana. Inasimuliwa kwamba walifika mahali wakasema kila mtu ashike njia yake, wakaanza kugawana vitu, hema wakataka kulikata katikati, na kikaango wakakivutania mpaka mmoja akabaki na mpini mwingine na sahani yake. Nkawaambia shemeji na shemeji, mimi kikaango changu sibebi. Kaka akajibu kwa kicheko, mume wangu akaniblutiki, kasoma hakujibu.

Sasa mpango wenyewe. Siku ya kwanza Sydney mpaka Canberra, kilomita kama 290, masaa matatu. Katikati hapo Goulburn kuna kondoo wa simiti, The Big Merino, urefu kama mita 15, alijengwa 1985, ndani kuna duka na unapanda ngazi mpaka kichwani unachungulia nje kwa macho yake. Watoto washaambiwa na sasa hawataki kusikia habari ya Opera House, wanataka kichwa cha kondoo. Mama alipoona picha aliuliza huyo wa idi ya wapi. Ukishapita Goulburn unaiacha Hume unaingia barabara ya Canberra, na kando kuna ziwa la ajabu, Lake George, mwaka mwingine limejaa maji mwaka mwingine ni uwanda mkavu kondoo wanakula majani ndani yake, kwa hivo hatujui tutakuta nini, na mimi hio ndo napenda.

Canberra wengi huruka, wanasema mji wa serikali hauna kitu. Kaka mwenyewe anasema hivo. Mimi naona ndo mahali pa kupumzisha mzee, mji mpana, hakuna msongamano, na watoto wana ile Questacon, nyumba ya sayansi ambayo kila kitu kinashikwa, hakuna mtu wa kukuambia usiguse. Na stori ya mji wenyewe inachekesha, Sydney na Melbourne walishindania kuwa mji mkuu hakuna aliyekubali kushindwa, mwishowe wakaamua kujenga mpya katikati, pakachaguliwa 1908, ramani ikachorwa na Mmarekani Walter Burley Griffin na mkewe Marion walioshinda mashindano 1912, na bunge likahamia 1927, kabla ya hapo lilikua linakaa Melbourne. Tutalala hapo.

Siku ya pili Canberra mpaka Albury, kama kilomita 340. Hio nayo ni ndefu, na ndo yenye vituko. Karibu na Gundagai kuna sanamu ya mbwa amekaa juu ya sanduku la chakula, iko hapo tangu 1932 na watu wanasimamisha magari kupiga naye picha. Nilipomwambia mama alitazama dari akasema subhanallah, akarudi kwenye mahamri yake. Lakini mimi nangoja Holbrook. Holbrook ni mji mdogo ndani kabisa, mamia ya kilomita kutoka baharini, majani na ng'ombe tu, na katikati ya mji kuna nyambizi. Nyambizi ya kweli ya jeshi la maji, HMAS Otway, ile sehemu ya juu imekaa kwenye majani watoto wanapanda. Sababu yake ni kwamba mji ulikua unaitwa Germanton, sasa vita vya kwanza vya dunia vilipoanza nani ataka jina la Kijerumani, wakaubadilisha wakaupa jina la Norman Holbrook, nahodha Muingereza wa nyambizi aliyezamisha meli ya vita ya Waturuki, Mesudiye, Dardanelles huko Disemba 1914. Yaani mama ameikataa bahari yote, na bahari imemfuata mpaka malishoni. Sijamwambia. Nataka nione uso wake.

Albury iko kwenye mto Murray, ng'ambo ya mto ni Wodonga, na hapo ndo mpaka wa New South Wales na Victoria. Mto una urefu wa kama kilomita 2,500. Tutachukua kebin kwenye zile kambi za kando ya mto, ndogo lakini ina vitanda vya kupandana na jiko na friji, na hio jiko ndo muhimu manake chakula ntakieleza.

Siku ya tatu tunavuka, tunasimama Glenrowan, kijiji ambacho Ned Kelly alizingirwa na polisi 1880. Huyu alikua jambazi ambaye Waaustralia nusu wanamuita shujaa, yeye na wenzake walijitengenezea deraya za chuma kutoka kwa majembe ya plau, risasi zikawa zinagonga zinaanguka, mpaka polisi wakampiga miguuni ambako hakua na chuma. Walimnyonga Melbourne mwaka huo huo. Kifungua mimba wangu ana miaka 11 na ashaniuliza deraya ina uzito gani mara ngapi sijui, nikamwambia iko maktaba kubwa ya Melbourne, utaiona mwenyewe.

Alafu hapo Benalla tunaacha Hume kidogo tunakata kwenda Shepparton. Kaka hakuielewa hii kwanza, anasema mnazunguka bure. Lakini nimeipanga hio siku iwe Ijumaa, na Shepparton kuna msikiti wa zamani, ulijengwa na Waalbania waliokuja kulima matunda, wakaumaliza 1960, ndo msikiti wa kwanza jimbo zima la Victoria. Watu walotoka Ulaya na Uislamu wao wakaenda kupanda matunda mwisho wa dunia wakajenga msikiti. Mume wangu aliposikia hio akasema hapo tunasimama hata kama ni kuzunguka masaa mawili. Kutoka hapo mpaka Melbourne ni kama kilomita 190, magharibi tuko kwa kaka.

Na magharibi yenyewe ni hadithi. Sisi hapa mwaka mzima jua linazama saa kumi na mbili na kitu, haliendi mbali. Melbourne mwisho wa Novemba jua linazama saa mbili na dakika ishirini hivi usiku. Nimemweleza mama akasema basi watoto watalala saa ngapi, na mie pia nauliza hivo hivo. Kibla nayo, hapa Mombasa tunaelekea kaskazini, ukipiga mstari kutoka hapa unapanda moja kwa moja mpaka Makka, kule unaelekea magharibi. Mama amesema niandike kwenye karatasi niweke ndani ya msahafu wake, hataki mambo ya simu.

Kwa nini Novemba? Hii nawaambia wenye watoto muishike. Shule zetu zinafunga mwisho wa mwezi wa kumi mpaka Januari, zao zinafunga karibu na Krismasi, na zikifunga ndo kiangazi chao nchi nzima iko barabarani, kebin zote za kando ya mto zimejaa na bei iko juu. Kwa hivo kuna hii nafasi katikati ambayo watoto wetu wako nyumbani na wao wako darasani. Pia bado joto halijawa kali sana. Moto wa msituni ndo unaanza msimu wake, na huo si mchezo, 31 Disemba 2019 watu wa Mallacoota, mji ulio karibu na ile njia ya pwani, walikimbilia ufukweni mbingu imekua nyekundu mchana, na meli ya jeshi la maji ikaja kuwachukua. Kaka ametuwekea programu mbili kwenye simu, Hazards Near Me ya New South Wales na VicEmergency ya Victoria, unafungua asubuhi kabla ya kuwasha gari.

Karatasi nazo. Viza ni ya kutembea, ile wanayoiita namba 600, inaombwa mtandaoni na kila mtu na ombi lake, hata huyo wa miaka mitatu ana ombi lake kamili, umemjazia kazi anafanya gani, hana kazi, anatapika. Chanjo ya homa ya manjano pia kila mtu awe na kile kitabu, manake tunatoka Kenya na watakiuliza. Ndege ya moja kwa moja hakuna, unabadilisha Dubai ama Doha, na kutoka Dubai mpaka Sydney peke yake ni kama masaa 14, ndo maana mtu asifikirie kushuka kwenye ndege akashika usukani. Saa za kule ziko mbele yetu kwa masaa manane mwezi huo, mwili wako unadhani ni usiku wa manane na wewe uko barabarani spidi 110. Tunakaa Sydney kwanza mpaka macho yafunguke.

Gari. Tuko wengi, wakubwa wanne na watoto watatu, kwa hivo ni Kia Carnival ya watu wanane, ambayo kule ni ya kawaida sana. Upande wa kuendesha ni kushoto kama kwetu, hapo afueni. Mambo ya kuangalia ni haya ya chini chini ambayo bei ya kwanza haisemi. Ukichukua gari mji mmoja ukaliacha mji mwingine wengi wanakuongeza pesa. Dereva wa pili pia uliza. Alafu kuna ile pesa unayobeba mwenyewe gari likigongwa, inaweza kuwa maelfu ya dola, soma ile karatasi mpaka chini, na uliza kabisa kuhusu wanyama, kuna bima zinazokataa ukigonga mnyama usiku. Kangaruu wanatoka jua likichwea na alfajiri, wanaruka barabarani bila kukuangalia usoni. Sheria yetu ni gari liwe limezimwa kabla ya magharibi, na kwa vile magharibi ni saa mbili usiku hakuna kisingizio.

Viti vya watoto usibebe kutoka huku. Sheria yao ni mtoto chini ya miaka saba lazima awe kwenye kiti chake na kiwe cha kiwango cha Australia, kizuri chako ulichonunua hapa hakihesabiki. Wa kati ana sita kwa hivo naye amo, na amekasirika, ati yeye si mtoto. Tutatumia viti vya watoto wa kaka.

Tozo za barabara Sydney na Melbourne hazina kibanda cha kulipa, hakuna kutoa noti dirishani, kamera inasoma nambari ya gari na pesa inakatwa, kwa hivo unapanga mapema na wenye gari. Na kamera ni nyingi kuliko miti. Kuna zinazotazama ndani ya gari kama umeshika simu na kama umefunga mkanda, na Victoria kwenye hio hio Hume kuna zinazopima kutoka hapa mpaka pale ulichukua muda gani, yaani ile tabia yetu ya kupunguza mbele ya kamera alafu ukaachia haisaidii. Kaka amemwambia mume wangu hilo mara nyingi sana, nadhani anajua kitu. Akamwambia na mama, mkanda ukae juu ya leso uonekane, abiria asipofunga hata dereva anaweza kupigwa faini. Mafuta unajitilia mwenyewe alafu unaingia ndani kulipa. Hio namuona mume wangu ameteremsha kioo anangoja kijana aje na "full tank boss", atangoja sana.

Sasa kikapu cha mama. Hapa ndo tulikaribia kutokuongea. Mama ana orodha ya vitu vya kumpelekea mwanawe: mabuyu, achari ya maembe, kashata, samaki wa kukausha, mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu, na mkeka. Australia ni wakali wa hivi vitu kuliko wanavyoogopa silaha, wanaogopa wadudu na magonjwa ya mimea. Kuna kadi unajaza kwenye ndege, na kila chakula, mbegu, mbao, kitu cha majani kilichosukwa, lazima ukiseme. Ukisema wakakikataa wanakichukua tu, ukinyamaza wakakipata ni faini hapo hapo, na mgeni anaweza kufutiwa viza. Mabuyu ni mbegu, kwa hivo hayo nimeyatoa kabisa. Samaki pia nimemtoa, usiku, mama amelala. Ile mbuzi ilikua ya zamani ina tundu za fukusi, nkamwambia mama hii haipiti hata ikiwa na pasipoti, tumenunua mpya safi na tutaitangaza. Mkeka bado uko kwenye mazungumzo.

Chakula cha njiani mimi nishamaliza. Nyama tunanunua Lakemba huko Sydney, mtaa wa Waislamu, mabucha ya halali mlango kwa mlango, tunaitia kwenye boksi la barafu tunaondoka nayo. Kwenye bustani za miji yao kuna majiko ya umeme ya kuchomea, ya bure kabisa, unabonyeza kinawaka, lakini hujui aliyekutangulia alichoma nini kwa hivo beba foili utandike chini kwanza. Kebin ya Albury ntapika pilau. Na kitu ambacho nlikua siamini mpaka nkaona mwenyewe, serikali yao ina ramani ya vyoo vya umma nchi nzima, unaifungua kwenye simu inakuambia kilicho karibu kiko wapi, kina nafasi ya kiti cha magurudumu ama la. Nkampelekea mama akasema hio nchi ina adabu. Ila chooni ni karatasi tu, maji hakuna, kila mtu na chupa yake ndogo kwenye mkoba, hilo msisahau. Na tunasimama kila masaa mawili, hata asiyetaka ashuke atembee, na msimu wa likizo kuna vituo watu wa kujitolea wanawapa madereva chai bure ili wasilale.

Kilichobaki ni mambo mawili. Moja ni mkeka. Jingine ni siti ya mbele, manake mume wangu anasema dereva wa pili lazima akae mbele amsaidie mwenzake, na mama ashasema magoti yake hayaingii nyuma hata mkimkunja. Kaka akamwambia sawa mama, kaa mbele, lakini anayekaa mbele ndo anayesoma ramani. Mama akamjibu hio simu si inaongea yenyewe? Basi na iongee, mimi ntakua naikosoa.